Steshenari mbili na akaunti moja: dereva nilivyoomba kazi kupitia Ajira Portal

Kwa miaka sita niliendesha lori la mtu, Fuso. Napakia karoti, kabichi na njegere Nyandira, juu kule Mgeta, nashuka nazo kona kwa kona mpaka Morogoro mjini, napita mizani ya Mikese, napita ya Vigwaza, alfajiri nashusha soko la Ilala. Mkataba sikuwa nao. NSSF sikuwa nayo. Nikiugua, deiwaka, dereva wa kibarua cha siku, anashika usukani na posho ya siku hiyo inakuwa yake. Mwaka 2022 mke wangu alijifungua mtoto wetu wa pili wakati mimi niko Chalinze, nimelala chini ya gari nasubiri fundi alete bomba la breki. Habari nilipewa kwa simu. Nililia pale chini, na kuanzia siku hiyo nikaanza kuuliza watu namna ya kuingia serikalini.

Sasa nimeingia, na madereva wenzangu wananiuliza nilipitaje. Nilipita kwenye steshenari mbili za Morogoro na kwenye mfumo mmoja, Ajira Portal wa Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma. Nazieleza zote tatu kwa jinsi zilivyonihudumia. Steshenari sizitaji majina.

Tangazo la kwanza nililetewa na utingo wangu kwenye simu yake mwaka 2023. Dereva Daraja la II. Nilizisoma sifa mara tatu: cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C ambayo umeifanyia kazi kwa muda usiopungua mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA, vile vyuo vya ufundi stadi, au chuo kingine kinachotambuliwa na serikali. Umri usizidi miaka 45. Mshahara ngazi ya TGS B, moja ya ngazi za mishahara ya serikali. Kidato cha nne nimemaliza, leseni ninayo, kozi nimeifanya VETA Kihonda hapahapa Morogoro, na miaka yangu ilikuwa 31. Nilijiona kabisa ndani ya lile tangazo.

Nikaenda steshenari ya kwanza. Iko katikati ya mji, watu hawaishi mlangoni, na ukutani kumebandikwa karatasi zinazosema wanaomba ajira, wanaomba mikopo ya chuo, wanatengeneza wasifu. Bei shilingi 10,000, kila kitu ndani yake. Kijana wa pale alinipokea kwa heshima. Akachukua leseni, cheti cha VETA, karatasi yangu ya matokeo na namba ya NIDA, akanipa karatasi tupu nisaini chini. Akasema, "Braza, wewe kaendelee na mizunguko yako, jioni pitia, utakuta tayari." Gari lilikuwa linapakia, na mimi nikaondoka. Jioni nikakuta tayari kweli. Akanionyesha kwenye kompyuta kwamba ombi limepokelewa, nikalipa, nikamshukuru kwa moyo wote.

Sikuuliza barua pepe iliyotumika ni ya nani. Sikuuliza nywila. Barua iliyochapwa juu ya saini yangu sikuisoma hata mstari mmoja.

Miezi ikapita. Siku moja shemeji yangu akanipigia nikiwa njiani: majina ya kuitwa kwenye usaili yametoka, na langu lipo. Nilisimamisha gari pembeni nikamwomba anitumie. Ni jalada refu la kurasa nyingi, juu kuna masharti, chini majina ya kila kada. Jina langu lilikuwepo, majina yote matatu. Nikarudi juu kusoma masharti, na hapo ndipo nikakutana na sentensi ambayo sitaisahau: kila msailiwa aingie kwenye akaunti yake anakili namba yake ya mtihani, kwa kuwa namba hizo hazitatolewa siku ya usaili.

Akaunti yangu. Nilikimbilia pale dukani nikiwa bado na vumbi la Mgeta. Yule kijana alishaacha kazi. Mwenye duka hakujua chochote kuhusu maombi yangu. Kumbe barua pepe ilikuwa ya kijana mwenyewe, na hata namba ya simu iliyowekwa ilikuwa yake. Tulipompigia, hapatikani. Mwenye duka akajaribu kunifungulia akaunti nyingine, ikagoma, kwa sababu namba yangu ya NIDA ilikuwa imeshatumika. Siku tatu nilihangaika. Siku ya usaili ilipofika nilikuwa Nyandira napakia karoti.

Ile steshenari kwa kuchapa barua na kutoa nakala haina tatizo, na bei zake ni nzuri. Kwa kuomba kazi, siipendekezi, na siipendekezi steshenari yoyote inayokuambia uache vyeti uondoke. Akaunti ya ajira ni kama leseni. Huwezi kumwachia mtu akutunzie mfukoni mwake halafu ukategemea trafiki akuelewe.

Nilikaa karibu mwaka mzima bila kujaribu tena. Aliyenirudisha ni kijana niliyesoma naye VETA, akaniambia kuna dada ana steshenari ndogo huko Kihonda, anasaidia watu vizuri. Nikaenda bila matumaini makubwa. Ni chumba kimoja, kompyuta mbili, mashine moja ya kutolea nakala na kuskani, benchi la mbao la kusubiria. Nilipofika alikuwa anamhudumia msichana mmoja anayeomba kazi ya uhazili, na nilichokiona kilinishangaza: kibodi alikuwa nayo yule msichana. Dada amekaa pembeni yake anamwelekeza.

Zamu yangu ilipofika nikamwambia ninataka kuomba kazi, nina haraka, aniombee.

"Kaka yangu, karibu. Barua pepe unayo?"

"Sina, dada. Weka hata ya hapa dukani."

"Hapana, kaka. Ya dukani ni ya dukani. Mimi naweza kufunga hapa kesho, wewe utanitafuta wapi? Toa simu yako, tukufungulie ya kwako."

Nilikuwa sijamwambia bado yaliyonipata. Maneno hayo aliyasema kwa sababu ndivyo anavyofanya na kila mtu. Nilipomweleza habari ya akaunti ya zamani aliweka kalamu chini, akasema kwanza tuikomboe hiyo. Tukapiga simu huduma kwa wateja wa Sekretarieti, nikajieleza, nikajibu maswali ya kuthibitisha kwamba mimi ndiye mwenye ile namba ya NIDA, na barua pepe ikabadilishwa ikawa yangu. Simu moja na siku chache za kusubiri. Mwaka mzima nilikuwa nimeamini mlango umefungwa, kumbe nilipaswa kubisha tu. Inaniuma hadi leo.

Nywila niliitunga mwenyewe. Dada aligeuza uso wakati naiandika. Akaniambia niiandike kwenye daftari langu la nyumbani, si kwenye la kwake, na kwenye simu pia.

Kisha akaanza kupitia karatasi zangu moja moja, na hapa ndipo tofauti ya hizi steshenari mbili ilipo. Alipofika kwenye elimu akaiinua juu.

"Kaka, hii ni karatasi ya matokeo. Cheti chenyewe kiko wapi?"

Cheti chenyewe sikuwahi kukichukua. Nilimaliza shule Kilosa, mwaka ule nilikuwa nadaiwa mchango kidogo, nikaanza utingo, maisha yakaendelea na ile karatasi. Dada akanifungulia tangazo akanionyesha kwa kidole: hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita hazikubaliwi, wala matokeo ya muda. Cheti halisi tu. Kwa hiyo hata kama ningeipata ile namba ya mtihani mara ya kwanza, ningefika kwenye uhakiki wa vyeti na karatasi isiyotakiwa, nikarudishwa. Yule kijana wa mjini aliipokea akaipandisha bila kusema neno.

Nilimwomba tajiri siku moja nikaenda Kilosa. Makamu mkuu wa shule alinipeleka stoo, akafungua kabati la chuma, akapekua mafurushi yaliyofungwa kwa kamba kwa kila mwaka, na cheti changu kikatoka kikiwa safi, hakina hata kunyanzi. Nililipa deni langu la shilingi 15,000 nikasaini daftari. Niliporudi nacho kwenye basi nilikishika mkononi njia nzima, sikukiweka hata kwenye begi.

Baada ya hapo wakili, kuthibitisha nakala. Dada alinituma kwa wakili wa jirani, na alinitahadharisha kwamba muhuri usikae juu ya jina wala juu ya namba ya mtihani, maana vikishaskaniwa havisomeki. Cheti cha kuzaliwa nilikuwa nacho. Majina yangu kwenye NIDA na kwenye vyeti yalilingana, nashukuru, kwa sababu yule msichana wa uhazili jina lake la kati limeandikwa kwa herufi moja tofauti, na alikuwa anaanza safari ya kutafuta hati ya kisheria ya majina. Kama wewe bado kijana, chukua vyeti vyako vyote leo jioni uviweke mezani ulinganishe herufi kwa herufi.

Iliyobaki ngumu ilikuwa wadhamini. Wanatakiwa watatu, watu wa kuaminika wenye mawasiliano yanayopatikana. Wawili niliwapata haraka, mwalimu wangu wa VETA na katibu wa msikiti wetu. Wa tatu nilijua lazima awe tajiri wangu, mwenye Fuso, kwa sababu yeye peke yake ndiye anayeweza kusema kwamba nimeendesha gari lake miaka yote hiyo bila kusababisha ajali. Na yeye ndiye anayepoteza dereva nikipata.

Nilimfuata nyumbani kwake jioni ya Ijumaa. Nikamwambia, "Shikamoo mzee. Nina jambo, na ukikataa sitakulaumu." Akasikiliza mpaka mwisho. Akanyamaza. Kisha akauliza kama huko serikalini kuna matibabu ya watoto. Nikasema nimesikia bima ipo. Akasema, "Andika namba yangu. Wakinipigia nitawaambia ukweli." Kesho yake akaniandikia barua kwa mkono wake mwenyewe, kwamba nimemwendeshea gari tangu mwaka 2018 na sijawahi kumgonga mtu wala kuangusha mzigo. Ile barua ninayo, nimeitia kwenye fremu.

Kwenye barua ya maombi dada alikuwa mkali. Yule kijana wa mjini alinichapia juu ya karatasi tupu. Huyu alinipa kalamu akataka niandike kwa mkono kwanza, kwa maneno yangu, ndipo nichape. Anwani nimeikariri: Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Ukishachapa unaitoa kwenye karatasi, unasaini kwa wino, ndipo unaiskani. Barua isiyo na saini ni sawa na hujaiandika.

Tulitumia saa nne, kwa siku mbili. Nililipa skani kwa ukurasa, uchapaji, intaneti, jumla shilingi 14,500. Kwa wengine ghali kuliko elfu kumi ya mjini. Mimi nasema ni rahisi kuliko zote nilizowahi kulipa, kwa sababu nilitoka pale nikijua kuingia, kutoka, kubadilisha taarifa na kuomba nafasi nyingine mwenyewe nikiwa nimekaa kwenye Fuso foleni ya mizani. Maombi mawili yaliyofuata niliyafanya hivyohivyo, kwa simu, kwa bando la shilingi 1,000.

Sasa mfumo wenyewe. Ajira Portal haulipishwi. Hilo liandike pahala. Kufungua akaunti bure, kuomba bure, kuangalia hali ya ombi bure. Mtu akikupigia akasema yeye ni ofisa, ana jina lako mezani, mtumie hela ya kulisogeza, huyo ni tapeli, mkatie simu. Mimi nilipigiwa na mmoja wiki moja baada ya kuomba, akitaka 80,000, na alinitaja kwa majina yangu mawili. Nilitetemeka, kusema kweli, maana mtu mwenye shida husikia anachotaka kusikia. Nikaingia kwenye akaunti yangu nikaangalia ombi liko vilevile, nikamkatia.

Ndani ya akaunti unajaza taarifa zako mara moja na zinabaki: elimu, mafunzo ya kitaaluma, uzoefu wa kazi, lugha, kompyuta, wadhamini, viambatisho. Nafasi mpya ikitoka ya kada yako huanzi upya. Unahakiki, unaweka barua mpya, unatuma. Kwa dereva anayelala njiani, hii ni neema kubwa. Zamani watu walikuwa wanabeba bahasha za kaki ofisi hadi ofisi, na kaka yangu mkubwa alitembea na yake mpaka ikachanika kona.

Penye uzoefu wa kazi usiandike neno moja "dereva" ukaridhika. Mimi niliandika aina ya gari, tani, njia ninayopita, miaka, na kwamba matengenezo madogo nayafanya mwenyewe. Sikuyatoa hewani. Niliyapata kwenye tangazo, sehemu ya majukumu, ambayo wengi wanairuka kwa sababu wanakimbilia sifa na mshahara. Majukumu ya Dereva Daraja la II yameandikwa waziwazi: kukagua gari kabla na baada ya safari ili kubaini hali ya usalama wake, kuwapeleka watumishi kwenye safari za kikazi, kufanya matengenezo madogo madogo, kukusanya na kusambaza nyaraka, kujaza na kutunza taarifa za safari zote katika daftari la safari, kufanya usafi wa gari. Niliyanakili kwenye karatasi nikaibandika kwenye dashibodi ya Fuso. Kila asubuhi naisoma, nafungua boneti: maji ya rejeta, oili, mafuta ya breki, mkanda wa feni. Nazunguka: upepo wa matairi, taa, spea, jeki, pembetatu, kizima moto. Utingo wangu akanunua daftari la shule tukawa tunajaza kila safari, tulikotoka, tulikofika, kilomita, mafuta. Nilijifundisha kazi ambayo bado sijaipata.

Majina yalipotoka safari hii niliyaona mwenyewe usiku saa nne, nikaingia kwenye akaunti yangu, nikainakili namba ya mtihani mara tatu: kwenye simu, kwenye daftari, na kwenye kiganja kwa kalamu. Mke wangu alicheka, kisha akaona macho yangu akanyamaza, akanishika mkono.

Usaili ulikuwa Dodoma. Tangazo linasema kila msailiwa atajigharamia usafiri, chakula na malazi, kwa hiyo jiandae mapema. Mimi nilikuwa naweka shilingi 2,000 kila safari kwenye kopo tangu siku niliyotuma ombi. Nilipanda treni ya SGR pale kituo cha Kihonda, mara yangu ya kwanza kusafiri njia ya Dodoma bila kushika usukani, nikalala gesti ya kawaida karibu na chuo kikuu. Vyeti halisi vyote, kitambulisho cha NIDA, leseni, nguo ya heshima. Asubuhi kulikuwa na madereva wengi kuliko nilivyowahi kuwaona stendi yoyote. Wa mabasi, wa malori, wa magari ya wagonjwa, vijana waliotoka VETA juzi. Tukakaa kimya kama watoto wa shule.

Mchujo ulikuwa wa kuandika. Waliopita wakaenda kwenye vitendo, na mle kwenye gari nilijiona niko nyumbani. Nilifungua boneti kabla ya kugusa ufunguo. Nilikagua kwa mpangilio wa ile karatasi ya dashibodi, nikitaja kwa sauti ninachokiangalia. Kijana aliyenitangulia aliingia moja kwa moja akawasha. Anaendesha vizuri kuliko mimi, nilimwona akirudi nyuma, ni fundi. Lakini hakukagua. Sikumwona tena kwenye mahojiano, na nilimsikitikia kwa dhati, maana hakuna aliyemwambia asome majukumu.

Kwenye mahojiano niliulizwa ningefanya nini kama kiongozi ninayemwendesha ananiambia niongeze mwendo mahali penye alama ya 50. Nikawaeleza kwamba tajiri wangu naye ana haraka, karoti zinanyauka, na mara nyingi amenipigia kunihimiza. Mimi namjibu kwa heshima kwamba nimesikia, na mwendo wangu unabaki ule wa alama, kwa sababu watoto wa shule wanavuka. Mmoja wa waliokuwa wananihoji aliandika kitu kirefu.

Sikupata papo hapo. Walioitwa kazini awamu ile sikuwemo, na usiku ule nilikaa nje mpaka baridi ikanifukuza. Dada wa Kihonda ndiye aliyenieleza habari ya kanzidata: waliofaulu usaili lakini nafasi zikajaa huhifadhiwa majina yao, na mwajiri mwingine akihitaji kada hiyo wanaweza kupangiwa bila kufanya usaili upya. Akaniambia nisiache kuangalia matangazo ya kuitwa kazini, kwa sababu orodha zile mara nyingi zinajumuisha majina yaliyotoka kwenye kanzidata. Nikawa naangalia kila Ijumaa, nikiwa Ilala nasubiri kushusha.

Ijumaa ya mwezi wa tano nikaliona. Sikupiga kelele. Nilimwita utingo wangu, nikampa simu, nikamwambia asome kwa sauti, nami nikafumba macho nisikilize. Barua ya kupangiwa kituo cha kazi niliipakua kwenye akaunti yangu mwenyewe, kwa nywila yangu mwenyewe, nikiwa nimekaa kwenye gunia la karoti.

Leo naendesha gari la ofisi katika wilaya ambayo siitaji. Nina mkataba, bima ya afya inasoma watoto wote wawili, na michango yangu inaingia PSSSF, mfuko wa pensheni wa watumishi wa umma, kila mwezi. Daftari la safari nalijaza kama nilivyolizoea. Ninakusanya fedha za kozi ya kuendesha viongozi katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, na akaunti yangu ya Ajira Portal sijaiacha ife. Cheti kitakapotoka nitakiingiza siku hiyohiyo. Fuso amepewa yule utingo. Alimaliza VETA mwaka jana, na tajiri hakutafuta mtu mwingine.

Kwa nyota tano, Ajira Portal naupa nne, na ile moja iliyobaki nitaiongeza kwa furaha siku wasailiwa wa hali ya chini watakapopata hata nauli. Steshenari ya mjini, mbili, kwa ajili ya nakala. Ya Kihonda, tano, na ningekuwa na sita ningetoa.

Dada anafungua saa mbili asubuhi, anafunga kwa adhana ya magharibi, Jumapili hayupo. Skani ni shilingi 500 kwa ukurasa, uchapaji 1,000. Siku ya mwisho ya tangazo hapokei ombi jipya, anasema ataharibu, kwa hiyo nenda mapema. Beba vyeti halisi, simu yenye chaji na bando, na kalamu ya wino wa bluu, maana ya kwake watu wanaondoka nayo.